Mti Mmoja wa Pamba

Barua ya halmashauri inasema: ng'oa, choma, andika tarehe.
Haisemi ukifika umwamkie nani.

Bi Somoe yuko uani, anapepeta kunde.
Nyuma ya choo umesimama mti wenyewe,
mrefu kunishinda, umri wake hata yeye hakumbuki.
"Huo ni wa tambi za koroboi," ananiambia,
"na wa kuziba pua za maiti.
Pamba ya dukani Mangaka inauzwa. Hii haiuzwi.
Mwaka jana walikuja kuchuma mara nne."
Hapimi kwa kilo, huyu. Anapima kwa misiba.

Mimi ni mtoto wa Maswa.
Ada yangu ya shule ilipandwa Novemba,
mvua ya kwanza, kwa kamba na vijiti.
Baba alisema: anayechelewa kupanda
anamlimia funza.
Na kabla Septemba haijafika katikati
tuling'oa maotea yote, tukachoma,
mdudu akiamka akute njaa.

Huku mdudu ni mwingine.
Analala chini ya udongo kiangazi kizima,
hana redio, hana kalenda,
lakini mvua ya kudanganya na mvua ya kweli
anazijua kuliko mimi na cheti changu.
Nondo wake havuki Ruvuma kwa pasi.
Kwa ajili yake kusini yote imeambiwa isipande.

Napasua tumba kwa kucha. Safi.
La pili, safi.
La tatu, yumo, mnono,
vimishale vyekundu mgongoni
kama daftari lililomkasirisha mwalimu.

Bi Somoe anamtazama kwa muda.
"Hapa hakuna shamba la pamba. Amefuata nini?"
"Mti wako, bibi. Kwake hili ndilo shamba."

Anaingia ndani. Nadhani amekasirika.
Anatoka na jembe.
"Shika shina. Nang'oa mwenyewe."

Tunachimba mpaka kina cha kiwiko,
halafu tunakaa kuchambua, tumba kwa tumba:
mbegu motoni, zinapasuka pa! pa!
nyuzi kikapuni.
Barua haikusema lolote kuhusu nyuzi.
Nimeisoma mara mbili.

Jua linazama kikapu kikiwa nusu.
Anakibonyeza kwa kiganja, anakadiria.
"Watatosha watu sita," anasema,
kisha ananitazama, juu mpaka chini.
"Au saba."