Rasimu ya Tatu

Nimepewa jedwali lenye safu tano:
Lengo, Shughuli, Mhusika, Kiashiria, Gharama.
Bwana Mamuya anautaka mezani Ijumaa, saa nne,
Mkakati wa Afya Kazini,
kurasa zisizidi sita
na picha moja ya mtu anayecheka.

Mimi ni karani wa mizani.
Gunia lililopungua kiganja nalijua kwa kulitazama.
Afya naijua kwa kuikosa.

Rasimu ya kwanza niliiandika usiku mmoja:
mazoezi ya viungo kila Jumatatu,
ndizi mbivu wakati wa chai,
bango la glasi nane za maji kwa siku.
Bango likabandikwa hata kabla ya sahihi.
Glasi imechorwa vizuri, ina barafu.
Chini yake, hapa Moshi, upande wa reli,
wanawake sitini na wawili wameinamia kahawa,
vidole vinatenga nzima na iliyotobolewa,
nzima na iliyooza,
vumbi la maganda limewapaka nyusi
uzee ambao wengine hawajaufikia.

Rasimu ya pili ililetwa na Sista Veneranda
pamoja na mashine yake ya presha na daftari la mistari.
Presha, kumi na tisa.
Mgongo, arobaini na mmoja.
Kifua, akahesabu mara mbili, thelathini.
Na mkojo unaochoma...
akaangalia mlango,
"Andika ishirini na wanane."
Nikaandika. Sababu?
"Hawanywi maji," akasema, akafunga mashine.

Nikaenda kwa Anansia, miaka ishirini kwenye benchi lisilo na mgongo.
Mama, mbona hunywi maji?
Akanitazama kama anavyotazama punje,
niende kushoto au kulia.
"Ufunguo wa choo uko mfukoni mwa Lyatuu.
Lyatuu yuko ghala la pili.
Ghala la pili, kwenda na kurudi, ni kilo tatu.
Wewe ndiye unayezipima, baba, hukujua?
Basi tangu alfajiri naulowesha mdomo tu,
kama mtu anayebandika stempu."

Nsia, mimba yake imeegemea ukingo wa meza,
hakuinua hata kichwa:
"Na hilo bango mlitoe.
Tukilitazama ndiyo haja inakuja."

Walicheka wote, benchi hadi benchi.
Nilitoka nje. Mlima ulikuwa umejifunika.
Siku ile hata mimi ningejifunika.

Rasimu ya tatu.
Lengo: watu wakojoe.
Nikafuta. Nikaandika "kuboresha huduma za usafi".
Nikafuta. Nikarudisha watu wakojoe.
Shughuli: kuutoa ufunguo mfukoni.
Mhusika: mwenye mfuko.
Kiashiria: ndoo ijazwe asubuhi, jioni ikutwe tupu.
Gharama: msumari mmoja, wa nchi tatu.
Halafu mstari ulionikalia kooni,
kwa kuwa mizani ni yangu na hesabu ni yangu:
dakika kumi, mara mbili kwa siku,
zilipwe kama kahawa.

Bwana Mamuya alisoma amesimama.
"Picha ya anayecheka iko wapi?"
Bado, nikasema.
Msumari akaupitisha.
Pembeni mwa dakika kumi akaweka alama ya kuuliza,
nyekundu, kubwa, akanirudishia.

Jumanne ufunguo ulining'inia mlangoni
na hakuna aliyeugusa.
Jumatano pia. Lyatuu akapita akiutazama
kama mtu aliyeacha mkwe wake mvuani.
Leo, saa tano na robo, Anansia akanyanyuka.
Hakumwomba mtu, hakumwangalia mtu.
Khanga akaikaza, akautungua, akaenda.

Jioni, kwenye daftari la mizani, mbele ya jina lake,
nimeandika kilo tatu ambazo hazikupimwa.
Kalamu bado iko mkononi.
Safu ya kuzipeleka siioni.