Saa Tano na Dakika Arobaini

Saa tano na dakika arobaini usiku, Arua.
Umeme umekwenda zake, kama ulivyozoea,
na simu yangu, juu ya rundo la madaftari ya kidato cha nne,
inawaka kimya kama jicho la paka.

Picha ni ya mama: kitenge cha Jumapili, kilemba,
uso wa mtu aliyeambiwa asicheke.
Maneno si ya mama.
"Mwalimu, samahani. Ile hesabu ya moli bado hainiingii.
Ni mimi Eyotaru, wa dawati la dirishani."

Swali ni halali.
Nimeshaandika nusu ya jibu,
gawanya gramu kwa uzito wa moli moja, usisahau vipimo,
na kabla sijatuma linaingia jingine:
"Uko macho?"

Maneno mawili.
Mwaka jana yaliandikwa na mwenzangu
wa nyumba ya tatu kutoka hapa, yenye mlango wa kijani.
Hakuwa jambazi. Alikaanga chapati nzuri, alitukopesha chumvi.
Alianza na fizikia, akaja na "pole kwa mvua,"
kisha vikatuni vya kucheka, kisha "uko macho?", kisha "usimwambie mtu,"
kisha ofisi ya mkuu wa shule, karatasi kumi na moja,
kila sentensi yake imechapwa na saa yake pembeni.
Aliondoka alfajiri juu ya boda, amekumbatia godoro.
Msichana alihamia Koboko, walisema.
Hakuna aliyekwenda kuuliza.

Wahenga walituusia kuhusu ufa na ukuta.
Hawakutuambia kwamba ufa waweza kubisha hodi,
ukaomba samahani,
ukauliza kemia.

Nami sitajitia utakatifu: nilifurahi.
Mke wangu yuko kazini Gulu, chumba kina panya mmoja na mimi,
na kuulizwa kama uko macho
ni kama kuulizwa kama upo.

Naandika. Nafuta. Naandika.
Huko aliko anaona alama ikitokea na kupotea,
mwalimu wake akigugumia bila sauti.

Ndipo nikaitazama tena picha.
Huyu mama huamka saa kumi na moja kupima unga wa muhogo.
Ataifungua simu hii kutazama kama pesa ya mteja imeingia,
na atakuta nilichoandika, kikiwa bado na joto.
Basi nikamwandikia yeye:
"Swali zuri. Limewashinda wengi. Kesho nitalieleza ubaoni."
Nikaongeza "lala salama."
Nikaifuta "salama."
Nikaifuta na "lala."

Alama mbili za buluu. Halafu:
"Sawa, mwalimu. Ni vile tu leo nyumbani hakukaliki."

Hapo nilikaa mpaka betri ikapiga kelele.
Sentensi ile haikuwa yangu kuifungua,
wala haikuwa yangu kuitupa.

Asubuhi, kabla ya gwaride,
nikaipeleka simu kwa Madamu Onzia, mlezi wa wasichana,
mwenye birika, makochi mawili, na mlango ulio wazi daima.
Nikamwambia, soma yote. Na yangu pia.
Akavaa miwani. Akasoma polepole, akapandisha juu, akasoma tena.
Hakunisifu.
Akamimina chai vikombe viwili,
na cha pili hakikuwa changu.

Saa nne nilikuwa ubaoni na kopo la maharagwe,
nikihesabu moli kwa maharagwe, darasa zima likicheka.
Eyotaru, dirishani, hakucheka, hakunitazama.
Huenda ananichukia: alinong'ona kwa mmoja,
akajibiwa na ofisi.
Nalibeba hilo. Si zito kama godoro.

Jioni nikasahihisha madaftari.
Swali la tatu amepata jibu, amesahau vipimo.
Nikaandika pembeni kwa wino mwekundu, "Vipimo?",
kama nilivyowaandikia wengine kumi na tisa,
nikaligeuza daftari, nikachukua lililofuata.