Barua Ndogo

Kibarua, mwalimu wetu alisema, ni barua iliyofanywa ndogo,
kama kijiti kwa mti, kama kijiji kwa mji.
Miaka saba hapa Igogo, kiwandani, nimeitafuta barua hiyo.
Hata bahasha sijaiona.

Saa kumi na moja alfajiri tunapangwa getini.
Magesa ananyoosha kidole: wewe, wewe, yule wa kanga ya njano,
wewe hapana, jana ulikohoa.
Ukiingia, kisu ni chao, mabuti ni yao,
mafua ni yako.

Sangara anafika na hati zake.
Mtumbwi, mwalo, saa aliyovuliwa, kiasi cha barafu,
vyote vimeandikwa. Akipanda ndege
huko aendako watamjua kwa namba.
Mkono uliomchuna ngozi haumo.

Nimewahi kuandikwa, nisiseme uongo.
Miezi minne nilitembea na picha shingoni,
Minza Lukelesha, herufi zimekaa sawasawa,
na makato! Nilikatwa nikafurahi,
nikampelekea mama mkwe karatasi ya makato aione
kama mtu anavyoonyesha jino la kwanza la mtoto.
Kisha samaki wakaadimika. Kibarua kikaota nyasi.
Nikaanika dagaa mchangani Igombe,
nikauza uji, nikafua mashuka ya watu Nyegezi,
hadi Magesa akapiga simu: njoo, ila safari hii bila picha.
Nikaenda.
Wewe ungefanyaje?

Siku ya ukaguzi kengele inalia mara mbili, fupi fupi.
Tunatokea mlango wa mapanki,
wanawake arobaini na mabuti yanayovuja maji,
tunakaa nyuma ya ukuta, juu ya mawe,
sisi na makorongo.
Nao wanakula hapa. Nao hawamo kwenye orodha.

Ninalo daftari. Kwandu alilimaliza akiwa darasa la tatu;
nyuma ya hesabu zake ndiko ziliko zangu:
mstari kwa siku, msalaba kwa zamu ya usiku.
Mistari elfu moja mia mbili na sita.
Siku ile lilikuwa kifuani, ndani ya gauni,
na kutoka jiwe langu hadi kwa afisa
palikuwa na hatua kumi na mbili.
Nilizihesabu pia.
Sikuzipiga.

Jumamosi akatokea Mwaloni, afisa yuleyule.
Nilikuwa nimeshika meza ya Holo, kaenda kunyonyesha.
Akauliza bei, akalia bei,
akaomba nyongeza, nikamwongeza.
Risiti hakudai.
Alipoinama kufunga mfuko nikasema,
"Mkija tena, anzieni mlango wa mapanki."
Akaniangalia.
"Unafanya kazi pale?"
"Hapana," nikasema. "Nasikia tu."

Akachomoa kalamu, akaandika kitu kiganjani,
kifupi,
halafu akaubeba mfuko kwa mkono huohuo.