Viraka Kumi na Tisa

Iguácel hakuniuliza kama niko tayari.
Alichomeka kijiko cha plastiki chini ya ukingo wa tairi,
akakikandamiza, na tyubu ikachomoza
polepole, kama utumbo wa kondoo siku ya kuchinja.

"Hii si tyubu tena," akasema.
"Hivi ni viraka vilivyoshikana mikono."

Tukavihesabu juu ya benchi la karakana,
kati ya mnyororo uliokatika na kahawa iliyopoa.
Kumi na tisa.
Vyote kazi ya baba:
pembe amezikata mviringo zisibanduke,
msasa ameupitisha mara mbili, si moja,
na kando ya kila kiraka, kwa kalamu ya rangi nyeupe, tarehe.

Cha Machi: mwiba, nyuma ya zizi la akina Buisán.
Cha Agosti: jiwe lenye makali; siku ile tuligombana,
juu ya nini, sikumbuki.
Kimoja hakina tarehe. Mvua ilinyesha, wino ukakataa.

Saturnino hakuiamini hewa isiyo na nyumba.
"Hewa ni kama mtoto mchanga," alisema,
"huwezi kuitoa nje bila nguo ya ndani."
Nilipomwambia vijana wote wa bonde wamehama,
wanashuka na upepo kiduchu,
tairi laini likiikumbatia mizizi badala ya kuirukia,
alichekea puani, akaitia pampu begani
kama mtu anayekwenda kuwinda, akatangulia.

Sasa magoti yamemstaafisha.
Baiskeli hii ilikuwa yake.

Tuliifuta rimu kwa spiriti mpaka kitambaa kikatoka cheupe.
Tepu ya manjano, mizunguko miwili, bila kiputo.
Vali mpya, kokwa yake imekazwa kwa vidole tu.
Kisha utomvu: mweupe, mzito,
unanuka kama tawi la mtini lililovunjwa asubuhi.
Tairi liligoma. Upepo ulitoroka huku na huku,
povu la sabuni likachekacheka pembeni.
Iguácel akatukana kwa Kiaragoni, akafungua kompresa yote,
na pa!
Mbwa akakimbilia uvunguni.
Pa! ya pili.
"Limekaa," akasema, akapangusa mikono kwenye suruali.

Jumapili niliukwea mgongo wa udongo wa kijivu
unaotazamana na Peña Montañesa,
pale ambapo vichaka havina jani, vina nia mbaya tu.
Nilimsikia mwiba ukiingia: psss,
tone jeupe likarukia paja langu,
gurudumu likazunguka mara tatu, nne,
kimya.
Wa pili vivyo hivyo. Wa tatu sikuusikia.

Sikusimama.
Na hilo, hebu nikiri, ndilo lililonichoma.
Kwa sababu pale, kwenye jiwe bapa kabla ya kona,
mtu mmoja angekwisha kuketi,
tyubu mapajani, jibini kwenye karatasi,
akisubiri gundi ikauke, akiniuliza mambo
ambayo mezani nyumbani hakuwahi kuyauliza.
Jiwe likapita upande wa kushoto.
Nilikuwa na mwendo mzuri mno wa kufunga breki.

Jioni akatoka mlangoni na fimbo yake.
"Wangapi?"
"Sijui, baba. Siku hizi hakuna anayejua."
Hakujibu. Aliipindua baiskeli, tandiko chini,
akalizungusha gurudumu polepole, kidole gumba juu ya mpira,
akasimama kwenye kila doa jeupe lililokauka.
"Saba," akasema. "Na huu utomvu, ukikauka?"
"Unaongezwa. Kila baada ya miezi minne hivi."
"Ahaa. Basi nao una njaa yake."

Kisha akaiona tyubu ya zamani
nimeikunja, nimeifunga kwa kamba chini ya tandiko.
Akaibonyeza, kama mtu anayepima mkate.
"Ishirini kitakaa hapa," akasema, akionyesha
sehemu ndogo isiyo na kitu.