Nafasi ya Mkono

Septemba walitupokea, wahitimu sita,
kofia ngumu nyeupe bado zina karatasi ya dukani,
buti zinabana, kitambulisho shingoni
na picha niliyopigwa nimefumba jicho moja.
Miaka miwili, wakasema. Idara nne,
miezi sita kila idara, kisha tutaona.
Anoushka aliiandika hiyo "tutaona" daftarini
akaipigia mstari.

Huku mashariki mwa Uingereza nchi imelala chini kuliko bahari.
Viazi vinaota mahali palipokuwa maji,
na usiku kucha pampu zinayarudisha maji kwao.
Sikulijua hilo nilipojaza fomu.
Nilijua milinganyo. Nilijua kanieneo na mtiririko,
na namna ya kujibu lile swali la "changamoto uliyowahi kuishinda"
bila kutaja deni la kodi ya chumba.

Kazi yangu ya kwanza ya kweli: kishikizo cha bomba.
Kipande kimoja cha chuma, bolti nne.
Nilikichora siku tisa. Nilikizungusha kwenye skrini
kama mtu anayejaribu kofia mbele ya kioo.
Nikakibebesha mzigo, kisha mzigo mara mbili.
Hakikupinda. Bi Aldous akatia sahihi.
Nikampigia baba simu, yuko Hull, nikamsimulia bolti.
"Bolti nne!" akasema. "Vyema,"
akawa anatafuta la kuongeza.

Jumatano moja ya Februari simu ikalia.
Clive Setchell, fundi wa kituo cha pampu:
"Wewe ndiye uliyechora? Njoo na spana yako."
Sina spana, nikasema.
"Basi njoo na mkono."

Upepo wa kule haujawahi kuona kilima.
Ndani, pampu inanguruma, sakafu inatetema hadi menoni.
Clive hakunisalimu, wala hakunifokea.
Alinipa tochi na spana, akanionyesha
pengo kati ya bomba na ukuta:
bolti tatu zimekazwa, zinang'aa;
ya nne iko pale pale nilipoiweka,
sawasawa, kwa milimita.

Nikapenyeza mkono. Vidole vikapita, kiganja kikakwama.
Spana ikasogea unywele mmoja, ikagonga ukuta.
Nikaigeuza. Nikajaribu kwa kushoto.
Nikalala kifudifudi kwenye grisi,
robo saa nzima, ngozi ya vidole ikabaki kwenye zege.
Yeye ameketi juu ya ndoo, anamenya yai.

"Mchoro wako," akasema hatimaye,
"una nafasi ya bolti.
Hauna nafasi ya mkono."
Kisha akanigawia nusu ya yai,
na chumvi kidogo kwenye kipande cha gazeti.

Jioni, kwenye ripoti ya mafunzo,
kulikuwa na kisanduku: *Stadi uliyoipata, herufi mia mbili.*
Niliandika, nikafuta, nikaandika tena.
Nilichotuma sikikumbuki, ila kilikuwa na neno "ushirikiano".

Sasa niko idara ya tatu, ya malango ya mifereji.
Wenzangu hucheka wakiniona nimenyoosha mkono mbele ya skrini,
naukunja, naugeuza hewani, naurudisha,
kama anayetafuta swichi gizani.

Ile ya nne? Clive aliikaza mwenyewe,
kwa spana aliyoikata nusu na kuichomelea upya, shingo upande.
Imetundikwa ukutani pale kituoni.
Juu yake, kwa chaki, ameandika jina langu,
na amelikosea herufi.