Chai Aliyoisikiliza Verdell

Hapa Duluth nimeagiza chai ya barafu
katika mikahawa kumi na mmoja.
Wa kwanza waliniletea chai ya moto
na bilauri ya barafu pembeni,
kama mtu akupaye unga na maji
akasema haya, kula mkate.
Wa pili ilikuwa poda ya ndimu,
rangi ile ile ya kutu ninayoizibua Jumatatu
kwenye mabomba ya watu.
Wa tatu, kijana mpole, Torvald, jina liko kifuani,
alinipa vipakiti vinne vya sukari.
Nikakoroga. Nikakoroga.
Sukari ikaketi chini, imenuna.
Usipoikaribisha maji yangali moto
haikufuati kwenye baridi.

Hiyo minane iliyobaki siisemi.
Mwenye ulimi haambiwi onja.

Kwetu Meridian, Mississippi, chai haikuagizwa.
Ilikuwepo tu, kama ukuta.
Shangazi Verdell na sufuria yake ya buluu
iliyobanduka ukingoni,
vipakiti saba, nyuzi zake fundo moja,
na chembe ya magadi, ya kushika kwa kucha,
kuuambia uchungu ukae mbali.
Maji yakianza kutokota, anazima:
"Yakichemka mno yanakuja na hasira."
Muda aliupima kwa gazeti.
Alisoma matangazo ya vifo, yote, kwa sauti,
na akimaliza, chai imeiva.
Wiki waliyokufa wachache
tulikunywa chai nyepesi.

Mwaka daktari alipomkataza sukari
hakupunguza hata kijiko.
Vikombe viwili kwa jagi, kama kawaida,
kwa mleta barua, kwa wanakwaya wa besi,
kwa Harlan Tubbs aliyekuja kukata nyasi
na kukata habari za watu.
Yeye alijimiminia bilauri moja,
akaisogeza sikioni.
Barafu ikalia: ta. Ta-ta.
"Sehemu yangu ni hii," akasema,
"iliyobaki mnywe nyinyi."
Kisha akanikabidhi.

Nimefuata yote. Sufuria ninayo,
aliniachia mimi, Renatta akanuna mwaka mzima.
Vipakiti saba, magadi, fundo.
Haikuwa yenyewe.
Na mimi ni fundi bomba, jamani!
Miaka sita nafungua na kufunga maji ya mji huu
kabla sijayafikiria maji.

Kisima chetu kilikuwa na chuma.
Beseni zote zilikuwa na ndevu nyekundu.
Nikampigia Renatta, nikamwomba galoni moja.
Akacheka, akatuma.
Ikafika Februari, imeganda kama jiwe,
mbavu za galoni zimetuna,
na posta wakaniuliza ni kitu gani.
Nikasema, nyumbani.
Wakaandika: maji.

Nikaiyeyusha siku mbili juu ya hita.
Nikapika kwa adabu yote.
Nikanywa.
Ilikuwa na ladha ya msumari.
Nikanywa tena, labda ulimi umesahau.
Msumari.
Tulikuwa tukinywa misumari, Verdell,
nawe ukitusomea wafu!
Nilicheka jikoni peke yangu hadi nikakaa sakafuni.

Sasa napikia maji ya ziwa.
Ni safi, hayana habari yoyote.
Nasoma vifo vya hapa, kwa sauti:
Toivo, Aino, Eero, wazee wa Kifini
ambao majina yao yanaisha kwa irabu,
hayaniteguki mdomoni.
Bibi Kettunen wa chumba cha juu alisikia,
akashuka kuuliza nani amekufa.
Nikampa bilauri.
"Tamu mno," akasema, uso umekunjamana,
akaimaliza, akainyoosha tena.

Nje ni nyuzi ishirini chini ya sifuri.
Barafu naivunja dirishani, bure.
Kabla sijampa ya pili
naisogeza kwanza sikioni,
naye Bibi Kettunen ananingoja,
haulizi.