Hodi ya Tatu

Hapa Tudor nimefunga, kwa tepu nyeusi ya fundi umeme,
redio ndogo kumi na sita kwenye mikokoteni ya maji.
Hakuna mnara, hakuna karani wa kugawa namba.
Mkokoteni ukiamka hujichagulia wenyewe, kwa kubahatisha,
kisha huuliza hewani: Hodi, kumi na moja ina mtu?
Hodi.
Hodi.

Kwetu, hodi tatu pasi na jibu,
unavaa viatu vyako unarudi.
Huku nimeipindua adabu:
hodi tatu pasi na jibu, nyumba ni yako,
ingia, tandika.

Asubuhi mambo yalikwenda.
Dzombo alipata kumi na moja, akapita nayo Buxton,
na maagizo ya Majengo yakaruka toka mkokoteni hadi mkokoteni
kama ndoo penye moto: mkono, mkono, mkono.

Saa tisa feri ikamshusha Nyamawi.
Kutwa alikuwa Likoni na wenzake watano,
ambako hodi zetu hazifiki.
Naye ni kumi na moja. Kwa haki yake.
Aliuliza mara tatu, akanyamaziwa.

Madumu ishirini ya matangani, Makadara,
wakayaleta wawili, mlango mmoja, jasho lile lile.
Mfiwa akatoka na leso kichwani:
"Nimwitaye mimi ni yupi?"
Wote wakanigeukia.

Nilikwisha andika kanuni: aliyekuja nyuma aachie.
Nyuma ya nani? Nyamawi aliamka kabla ya adhana,
Dzombo saa mbili, na chai juu.
Programu haikuyajua hayo. Kwake, mgeni ni aliyeshuka feri.
Ikamvua namba pale pale uani,
taa ikapepesa nyekundu, akaanza upya:
Hodi, thelathini na mbili ina mtu?

Mfiwa alinunua madumu yote arubaini.
Msiba hunywa maji.

Usiku, chumbani kwangu Mikindani
(nyumba haina namba; ukija uliza duka la Saumu,
kisha bati la buluu, kisha mbwa),
nairekebisha mistari.
Kimya, naandika pembeni, si ruhusa.
Pengine mwenyewe yumo, betri imemwishia.
Pengine yuko ng'ambo, anaitikia Karibu, karibu,
na kivuko kinaimeza sauti.

Nafuta tatu. Naweka tano.
Naitazama ile tano.